Mbizi, Jina Lisilozikwa

Kibuyu kilipasuka siku ya tatu baada ya mazishi ya mama, tulipokuwa tunatoa vitu jikoni kwake. Kilikuwa kimening'inia kwenye ukuta ule ule, kwenye msumari ule ule, tangu nikiwa darasa la tatu. Kamba yake ya ngozi ilikuwa imechoka, na mdogo wangu alipokigusa tu kikaanguka sakafuni, kikawa vipande vitatu. Kisha harufu ikatufikia. Kibuyu kile hakikuwa kimetiwa maziwa kwa miaka mingi sana, lakini ndani yake bado kulikuwa na ule moshi mtamu wa kijiti kilichochomwa na ule uchachu wa maziwa yaliyolala. Nilikuwa nimekuja na orodha ya vitu, nimeiandika kwa mpangilio, cha nani na kinakwenda wapi. Nilikaa juu ya kinu kilicholazwa nikashindwa kuendelea.

"Kilikuwa cha nani hiki?" mdogo wangu aliuliza. "Mama hakuwahi kufuga."

"Cha mtu uliyepewa jina lake," nikamwambia.

Mdogo wangu anaitwa Mbizi. Kwenye vyeti ni Gaudensia Mbizi, lakini hilo la kwanza hulisikia kwa padri na benki tu. Amefanya kazi Tanga na Dodoma, na kila anapojitambulisha hulazimika kueleza. Watu wa pwani wakisikia jina hilo huwaza mtu anayezama majini. Watu wa kwetu huwaza milima, ile inayosimama nyuma ya mji wa Sumbawanga kama mgongo wa mnyama aliyelala, na humwuliza kama alizaliwa huko. Hakuzaliwa huko. Aliyezaliwa huko ni mwingine, na habari yake ndiyo ninayoiandika, kwa sababu bibi alikwenda zamani, baba akamfuata, mama amekwenda sasa, na kati ya wanaoikumbuka siku mdogo wangu alipopewa jina hilo nimebaki mimi tu.

Kijiji chetu kiko upande wa Mollo. Majina ya kwetu yalitoka kwenye kalenda ya kanisa. Baba aliitundika karibu na mlango, na mtoto alipozaliwa, kabla hajauliza kama mama yake amekula, alikwenda kupitisha kidole kwenye tarehe akatafuta mtakatifu wa siku. Mimi nilizaliwa wiki ya Mtakatifu Skolastika, kwa hiyo habari yangu ilikwisha hapo. Binamu yangu alizaliwa katika wiki ambayo kalenda haikuwa na mtakatifu wa kike hata mmoja, akaitwa Bonifasia, na alilia alipokua. Darasani kwetu tulikuwa Skolastika wawili na Yustina watatu, na akina Maria walikuwa wengi hata mwalimu akawa anawaita kwa majina ya baba zao. Tuliamini kwamba majina ni kitu kilichokwisha kuandikwa, na kazi ya wazazi ni kusubiri zamu.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka miaka ile. Neno lililovuma lilikuwa ruksa. Duka la kijiji, lililokuwa na rafu tupu na chumvi ya kupimiwa, ghafla lilipata sabuni za rangi rangi zilizonukia hadi barabarani, tukawa tunaingia kuzinusa tu. Marobota ya mitumba yalifunguliwa mjini tukaanza kuvaa fulana zenye maneno tusiyoyajua. Malori ya watu binafsi yalipanda mpaka mashambani kununua mahindi, na makondakta wake walitusalimia "mambo" badala ya habari za kutwa. Na majina nayo yakaanza kubadilika. Jirani yetu mmoja aliyekuwa akienda mjini kuangalia video alimwita binti yake Sindi. Mwingine alichukua neno kutoka kwenye kifua cha fulana. Baba alitikisa kichwa akasema watu sasa wanaokota majina kama wanavyookota nguo, bila kuuliza aliyeivaa kwanza alikufa na nini.

Katikati ya hayo ndipo walipofika Wasukuma wa Mzee Mahona. Walitoka kaskazini na ng'ombe wengi kuliko tuliowahi kuwaona pamoja, wakajenga mji wao wa miiba na nyasi mwendo wa saa nzima kutoka kwetu, kuelekea mlimani. Januari yake, binti yao aliletwa shuleni. Alikuwa mrefu, amevaa bangili za shaba, na alisimama mbele ya darasa bila kuinamisha kichwa kama tulivyofanya sisi wageni wanapotutazama.

"Jina?" mwalimu akauliza, kalamu mkononi.

"Mbizi."

"Sikuulizi unakotoka. Jina lako."

"Ndilo hilo, mwalimu. Mbizi Mahona."

Darasa likacheka. Deogratias, aliyekaa nyuma na aliyekuwa mwepesi wa mdomo, akasema, "Na mdogo wako ni nani, Ziwa Rukwa?"

"Mdogo wangu ni Masanja," akajibu kwa utulivu. "Wewe unaitwa nani?"

"Deogratias."

"Ndiyo wapi huko?"

Mwalimu mwenyewe alishindwa kujizuia, akajificha nyuma ya daftari la mahudhurio. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama dirishani. Madirisha ya darasa letu hayakuwa na vioo, na kupitia lile la kushoto mlima ulionekana wote, kijani iliyoiva, na kivuli cha wingu kikitembea juu yake. Nikamtazama yule msichana. Nikautazama mlima. Nilihisi mwili unanisisimka kama siku ya kwanza niliposikia kinanda kanisani.

Niseme wazi nilichoelewa, maana ndiyo chanzo cha yote. Sikuelewa kwamba msichana ameitwa kwa jina la mlima. Nilielewa kinyume chake: kwamba mlima umeitwa kwa jina lake, au la ukoo wake. Na nilikuwa na ushahidi. Kwetu Ufipa, masika yanapoelekea mwisho, watu wazima huingia kwenye mbuga za nyasi na majembe, hukata udongo vipande vipande pamoja na nyasi zake, huugeuza na kuupanga kuwa vichuguu vya mviringo vinavyofika kiunoni. Tunaviita ntumba. Nyasi huozea ndani yake, na mwaka unaofuata udongo ule hulisha ulezi na mahindi. Ukisimama juu ya kilima mwezi wa tatu unaona ntumba mamia kwa mamia zimejipanga hadi macho yanapochoka. Mimi nilikuwa nimewaona baba na mama wakitengeneza vilima kwa mikono yao tangu nilipobebwa mgongoni. Kwa hiyo sikuwa na shaka yoyote jinsi milima inavyopatikana. Kuna watu waliolima zamani, wakubwa kuliko sisi, waliorundika Mbizi kwa majembe yao, na sasa mjukuu wao amerudi kukaa nao karibu. Hata ng'ombe wao wengi waliniingia akilini: watu waliorundika mlima wangekosaje ng'ombe?

Nilifanya urafiki naye kwa makusudi kabisa, kama mtu anayejipendekeza kwa mtoto wa chifu. Nilimgawia viazi vyangu. Naye alianza kutuletea maziwa kwenye kibuyu, mama akimpa unga wa ulezi, na alipofika mlangoni mwetu bibi, mama yake baba, alimtania kwa salamu ya kwao.

"Mwangaluka, mama mlima."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo wewe, hawajambo mawe yako?"

"Hawajambo, bibi. Wanakusalimu."

Niliwasikiliza nikadhani wanazungumza jambo la kweli.

Masika hayo mama alijifungua. Kati yangu na mtoto huyo kulikuwa na makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba, ambayo mama aliyapalilia mwenyewe na hakutaka tusaidie. Baba alikwenda kwenye kalenda, akarudi na Gaudensia. Kwa wiki mbili mtoto alikuwa kama watoto wote. Wiki ya tatu akaanza kulia, na akiwekwa kifuani anageuza uso. Walimpeleka zahanati, wakapewa dawa ya maji, wakaambiwa mama ale vizuri, anywe uji mwingi. Mama alikula lakini mtoto hakunyonya. Sauti ya kilio chake ilianza kuwa nyembamba, na mama akaacha kuzungumza nasi. Alimtazama tu, kama anavyotazamwa mtu aliyeshika mzigo mlangoni.

Siku ya tatu ya kilio hicho, asubuhi, mvua ikinyesha, bibi alisema, "Huyu analilia jina."

"Ana jina," baba akasema.

"Hilo ni la karatasi. Mwenyewe hajalikubali. Nenda shambani, mwanangu, hii ni kazi ya jikoni."

Baba alikuwa kiongozi wa jumuiya na alisali rozari kila jioni, lakini mtoto alikuwa wake, na yale makaburi mawili nayo yalikuwa yake. Alichukua jembe akatoka kwenye mvua ile ile.

Desturi yenyewe wengi mnaijua. Mtoto akilia bila sababu huwa anadai jina la mtu fulani wa ukoo, na hatatulia mpaka aitwe kwa jina hilo. Mama alikaa kwenye mkeka, mtoto kifuani. Bibi alikaa mbele yake akaanza kutaja waliotangulia, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, na kila jina alisubiri. Alimtaja mama yake mwenyewe. Alitaja shangazi zake. Alitaja hata mwanamke mmoja aliyefukuzwa kwenye ukoo kwa ulimi wake mbaya, akaongeza, "Kama ni wewe, njoo tu, tulishasamehe." Majina yao siyaandiki hapa, ni ya wenyewe. Kila lilipotajwa mama alisogeza ziwa kwenye midomo ya mtoto, na kila mara mtoto aligeuza uso. Nilikuwa nimekaa karibu na mafiga, nikihesabu. Niliona bibi anavuta pumzi kwa muda mrefu zaidi kabla ya kila jina, nikatambua kwamba yanakwisha.

Mbizi alifika katikati ya ukimya huo, kachelewa shule kama mimi, amelowa, akaweka kibuyu ndani ya mlango. Aliona nyuso zetu, akaondoka bila kusubiri unga.

Baadaye kidogo bibi alimshika mama mkono akamtoa nje, chini ya upenu, apate hewa. Niliachiwa mtoto mapajani. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Huo wepesi ndio ulionitia hofu, si kilio. Nilifikiri mtoto huyu ataondoka kwa sababu hakuna kinachomshikilia chini, na majina yote aliyoitwa ni ya watu waliokwisha kuondoka, yangemshikiliaje? Anahitaji jina zito. Na mimi nilijua jina zito kuliko yote ya nchi ile, ila lilikuwa la mtu.

Nililichukua. Nilichovya kidole kwenye maziwa ya kibuyu, nikakiweka kwenye ulimi wake, nikainama sikioni nikasema, "Mbizi." Nikachovya tena. "Mbizi." Alilamba. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Akafunga macho, akalala usingizi mfupi, kisha akaamka akitafuta kwa mdomo, kichwa kikigonga kifua changu kisicho na kitu.

Bibi aliporudi alisimama. "Umemwambia nini?"

"Nimemwita Mbizi."

Nilitegemea kofi. Bibi aligeuka polepole akatazama mlangoni. Mvua ilikuwa imekatika, na kati ya mawingu bega moja la mlima lilikuwa limetoka, limelowa, linang'aa. Alilitazama muda mrefu, na aliposema hakuwa akisema na mimi.

"Majina yote niliyoita ni ya waliozikwa," alisema. "Hilo ni la kitu kisichozikwa. Mpe mama yake."

Mama alimchukua. "Mbizi," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Mbizi, mwanangu, nyonya." Na mdogo wangu akanyonya. Tulisikia anavyomeza. Bibi alipiga magoti pale pale penye majivu, na mimi nikapiga kwa sababu yeye amepiga, na jikoni kukawa hakuna sauti nyingine isipokuwa ile ya kumeza. Nimekaa kwenye makanisa makubwa tangu siku ile, sijawahi kusikia utulivu kama ule.

Kuhusu kidole na maziwa sikusema. Hakuna aliyeuliza.

Baba alirudi jioni. Alimkuta mtoto amelala, akafurahi mpaka akakaa chini na jembe lake, kisha akaambiwa jina.

"Mbizi ni pori la serikali," alisema. "Lina mipaka na alama za saruji. Mwanangu nimpe jina la pori la serikali?"

"Serikali ilipokuja ilikuta limesimama," bibi akamjibu. "Kula, chakula kinapoa."

Kesho yake Mbizi hakuja shule. Wala hakuja na maziwa. Nilitazama dirishani kwa mazoea, na mlima haukuwepo.

Ukungu wa namna hiyo niliuona kila masika. Hushuka ukafunika kila kitu, na unaweza kukaa siku nyingi. Lakini sikuwahi kuutazama nikiwa na hatia. Siku ya pili mlima haukuwepo, na Mbizi hakuwepo. Siku ya tatu vivyo hivyo, na nyumbani mdogo wangu alinyonya na kunenepa mbele ya macho yangu, na kila aliponyonya nilijua anakula nini. Jina ni moja. Nilikuwa nimelitoa kwa mwenyewe bila kumwomba nikampa mwingine, na sasa mwenye jina anakwisha, na mlima wa babu zake umekwisha kuondoka. Nilijaribu kula nikashindwa. Siku ya nne sikwenda shule. Nilipita njia ya mashamba, kati ya ntumba mpya zilizonukia udongo na nyasi mbichi, nikienda kurudisha.

Mama yake alikuwa amekaa nje, anasukasuka kibuyu kikubwa kwenye mapaja yake. Nikamwamkia. Nikauliza Mbizi yuko wapi, na akaonyesha kwa kidevu ndani ya nyumba.

Alikuwa amelala, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, midomo imekauka. Macho yake yalifunguka kidogo. Nikaanza kulia pale pale, kwa sauti, mpaka mama yake akaingia.

"Nini tena? Ni homa tu, amekunywa dawa tangu juzi. Leo amekula."

"Nimekuja kurudisha jina," nikasema.

Nikaeleza yote, kwa mpangilio, hata kidole. Ni wao wawili tu niliowaambia kuhusu kidole kwa miaka yote ile. Mama yake alisikiliza bila kunikatiza, kibuyu bado mkononi. Mbizi, chini ya blanketi, alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Kwa hiyo sasa mimi naitwa nani? Skolastika sitaki, ni gumu."

"Nyamaza wewe," mama yake akasema, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Kisha akakaa chini karibu yangu. "Ng'wanone," aliniambia, ndivyo wanavyosema mwanangu, "unajua jina hilo lilitoka wapi?"

"Kwa babu zake. Waliorundika mlima."

Hakucheka tena. Alinitazama kwa namna ambayo leo naitambua, ndivyo mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyesema kitu kikubwa kuliko alichokusudia.

"Hakuna aliyerundika mlima, mama. Safari yetu ya kwanza kuja huku nilikuwa na mimba ya huyu. Tulikuwa tunashuka na ng'ombe kwenda bondeni, jua kali, na maji yako mbele, si nyuma. Ng'ombe wakiwa na kiu hawamsubiri mtu. Mwanamke akishikwa na uchungu njiani anaachwa na mwenzake mmoja, kundi linaendelea, atafuata akiweza. Mama yangu alinizaa hivyo. Mimi nilishikwa pale juu, penye miti. Nikamwambia mume wangu, nendeni. Akatazama ng'ombe, akanitazama. Akapiga mluzi kundi likasimama. Siku mbili, Skola. Ng'ombe wote wale wamesimama msituni siku mbili bila maji ya kutosha, wanalia, na wawili wakafa, kwa ajili yangu. Mtoto alipotoka akamwuliza mtu wa huku aliyekuwa anakata kuni, hapa panaitwaje? Akaambiwa Mbizi. Basi. Wengine wakisikia jina hilo wanaona mlima. Mimi nasikia ng'ombe wamesimama."

Alikitikisa kibuyu kidogo, maziwa yakajibu ndani.

"Sasa wewe umemwita mtoto, na mtoto naye amesimama. Hajaondoka. Jina limefanya kazi yake. Nimrudishie nani? Halipungui hili. Toka nje ukaangalie."

Nikatoka. Ukungu ulikuwa bado. Lakini pale kwao, karibu vile, niliona kwamba ukungu haukuwa umebeba kitu. Mlima ulianza mita chache nyuma ya zizi, miguu yake ikionekana wazi, nyasi, mawe, njia ya ng'ombe inayopanda na kupotelea kwenye weupe. Nilikwenda nikaugusa. Niliweka kiganja kwenye jiwe baridi nikasimama hapo mpaka niliposikia Mbizi akimwuliza mama yake, "Ameondoka, au anauhesabu mlima kama umetimia?"

Mdogo wangu alibatizwa baada ya mavuno. Padri aliuliza jina la mtoto, baba akasema Gaudensia, na kutoka nyuma yake bibi akasema, "Na Mbizi." Padri akanyanyua macho.

"Mtakatifu huyu, bibi, sikukuu yake ni lini?"

"Kila siku isiyo na mawingu, padri."

Alimtazama bibi, akatazama mlango wa kanisa uliokuwa wazi, na akamwaga maji akitaja yote mawili.

Baada ya hapo jina lilitembea. Kwanza alikuja mwanamke wa jirani aliyekuwa amezika mara tatu, akaketi na bibi jikoni, akaondoka, na mtoto wake aliyefuata akaitwa Mbizi. Kisha mwingine, wa njia ya Kasense. Wakati namaliza darasa la saba, ukiita jina hilo kisimani waligeuka wasichana wadogo kadhaa na mama zao. Kwa kuwa tayari nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza, niliwauliza akina mama walilipatia wapi. Mmoja alisema ni zuri tu, halichoshi mdomo. Mmoja alisema ni Kisukuma, maana yake baraka. Mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba Mbizi alikuwa mtakatifu wa upande wa Zambia, na kwamba kalenda yetu ilimruka kwa sababu ya uchapaji. Hakuna aliyetaja ng'ombe. Nami sikuwasahihisha, kwa sababu watoto walikuwa hai.

Mwenye jina hakuyaona hayo yote. Mashamba yalikuwa yanaongezeka, watu walikuwa wanalima mpaka kwenye malisho ili wapate cha kuwauzia wenye malori, na mikutano ya kijiji ikaanza kuzungumzia ng'ombe kwa sauti kali. Kiangazi kimoja Mzee Mahona akaamua kuondoka kabla hajaondolewa. Walipita mbele ya shule wakielekea kusini, upande wa Mwimbi, vumbi limesimama kama ukuta. Mwalimu alituruhusu tutoke. Mbizi alikuwa anatembea na fimbo ubavuni mwa kundi. Aliniona, akaja mbio, akanipa kibuyu alicholetea maziwa kwetu.

"Cha mama yako," alisema. Kisha akaonyesha nyuma yetu kwa fimbo, mlima wote, mchana kweupe bila wingu hata moja. "Na ule nawaachia. Ng'ombe hawawezi kuubeba."

Akacheka, akarudi kwenye vumbi. Sijamwona tena. Nimemtafuta kwa njia zote ambazo kazi yangu ya kuulizauliza watu ilinifundisha, na ninachopata ni akina Mbizi wengine, wadogo, wa Sumbawanga.

Nilimweleza mdogo wangu yote haya jikoni kwa mama, nikiwa nimekaa juu ya kinu, yeye amechuchumaa na vipande vya kibuyu mikononi. Kidole na maziwa nilivieleza mwisho. Nilidhani atacheka, au atasema basi ilikuwa njaa tu. Aliviunganisha vipande, kingo kwa kingo.

"Mama alijua kuhusu ng'ombe?" aliuliza.

"Nilimwambia jioni ile ile niliporudi kutoka kwao. Kuhusu ng'ombe ndiyo, kidole hapana. Akakuchukua akakuweka mgongoni, akatoka nje, akasimama nawe uani mpaka giza likaingia."

Mbizi alileta kipande kikubwa karibu na uso, akanusa, akafumba macho. Halafu akainuka, akaenda mlangoni na kipande chake, akatazama upande wa mlima. Ilikuwa masika. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mihindi ya jirani.

"Leo haupo," alisema.

Nikaiacha orodha juu ya kinu, nikaenda nikasimama naye.